Kabla ya Kukubali Mshahara wa Mji Ghali

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, vijana mnaotafuta kazi, nanyi ambao tayari mna barua za ajira mkononi, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie gharama za maisha katika mji ghali na mshahara anaouhitaji mtu ili aishi humo. Kwa miaka mingi nimekaa upande wa wafanyakazi kwenye meza za majadiliano ya mishahara, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Katika mji fulani, mshahara wa kiasi gani unatosha?" Muulizaji hutaka namba moja. Leo sitawapa namba. Nitawapa njia ya kuipata, kwa sababu namba ya mtu mwingine, hata kama aliipigia hesabu kwa uaminifu, inaweza kukutia madeni kabla mwaka haujaisha.

Tuanze na zile orodha za miji ghali duniani zinazotoka kila mara na kusambazwa kwa haraka. Kampuni ya Mercer, mojawapo ya zinazoandaa orodha hizo, hulinganisha bei za bidhaa na huduma zaidi ya 200, na mji wa New York ndio kipimo chake. Mwaka 2010 orodha hiyo iliuweka Luanda, mji mkuu wa Angola, nafasi ya kwanza. Mwaka 2014 na 2015 Luanda ulikuwa kileleni tena. Fikirini jambo hilo. Nchi iliyotoka vitani mwaka 2002, mji ambao wakazi wake wengi waliishi katika mitaa ya mabanda, unatajwa kuwa ghali kuliko Tokyo na Geneva.

Orodha haikudanganya. Ilipima kile ilichoundwa kupima, yaani gharama ya kampuni kumpeleka mfanyakazi wa kigeni mjini humo, akae katika nyumba yenye ulinzi, anunue vitu vilivyoletwa kwa meli kutoka mbali, na wanawe wasome shule ya kimataifa. Fedha za mafuta zilikuwa nyingi, nyumba za hadhi hiyo zilikuwa chache, bei zikapaa. Mchuuzi na fundi wa Luanda waliishi katika bei nyingine, nazo ziliwabana kwa namna nyingine, lakini wao hawakuwa ndani ya hesabu ile. Tena orodha hizi hufuata thamani ya sarafu. Mji unaweza kupanda nafasi kadhaa bila kitu chochote sokoni kubadilika bei, kwa sababu tu sarafu yake imepata nguvu mbele ya dola. Kwa hiyo unapoambiwa kwamba mji ni wa tano kwa ughali duniani, uliza kwanza: ni ghali kwa nani?

Na wastani wa mishahara nao una kasoro yake. Katika mji mkubwa wenye mabenki na makampuni makubwa, watu wachache wanaolipwa fedha nyingi sana huuvuta wastani juu, ukadhani kila unayepishana naye barabarani anapata kiasi hicho. Tafuteni mshahara wa mtu wa katikati, yule ambaye nusu ya wafanyakazi wako juu yake na nusu wako chini yake. Huyo ndiye jirani yenu mtarajiwa.

Sasa niwapeleke Australia mwaka 1907, kwa sababu huko kuna jaji aliyewahi kuletewa swali letu hilihili na kulijibu vizuri kuliko washauri wengi wa siku hizi. Aliitwa Henry Bournes Higgins. Mwenye kiwanda kimoja cha mashine za kuvunia nafaka, nje kidogo ya Melbourne, aliomba asamehewe ushuru. Sheria ya wakati ule iliruhusu msamaha kwa mwajiri anayelipa ujira wa haki. Jaji ikambidi aamue ujira wa haki ni upi kwa mtu asiye na ujuzi maalumu.

Higgins hakukubali kwamba ujira wa haki ni ule ambao mwajiri na mwombaji kazi wamekubaliana, maana alijua mwenye njaa hukubali chochote. Alisema kipimo ni mahitaji ya kawaida ya mfanyakazi anayehesabiwa kuwa binadamu katika jamii iliyostaarabika. Kisha akasikiliza ushahidi wa wake wa wafanyakazi, watu waliojua bei ya kila kitu kinachoingia jikoni. Hesabu zao zilionyesha kwamba pango, chakula na kuni au makaa vilimaliza takriban shilingi 32 na peni 5 kwa wiki, kwa kaya ya kawaida yenye watoto.

Hapo ndipo alipofanya jambo ninalolipenda. Hakuishia kwenye jumla hiyo. Aliorodhesha vitu ambavyo hesabu ile ilikuwa imeviacha: taa, nguo, viatu, samani, vyombo vya ndani, bima, akiba, kipindi cha kukosa kazi, ada ya chama cha wafanyakazi, vitabu na magazeti, nauli ya tramu na treni, cherehani, vifaa vya shule vya watoto, burudani na mapumziko, ugonjwa, msiba, sadaka. Alipokwisha kuvitazama hivyo vyote, aliweka kima cha shilingi 42 kwa wiki, yaani shilingi 7 kwa siku. Mahakama ya juu iliibatilisha sheria ile ya ushuru mwaka uliofuata, lakini kipimo cha Higgins kiliendelea kuongoza mishahara ya Australia kwa miongo mingi. Kilikuwa na dhuluma ndani yake pia, na ni lazima niitaje: kilimhesabu mwanamume mwenye mke na watoto, na mwanamke aliyefanya kazi akawekewa ujira pungufu. Ilibidi maamuzi ya mwaka 1969 na 1972 yaje kulirekebisha jambo hilo.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa sababu ile orodha ya pili ndiyo inayowaangusha watu wanaohamia mji ghali. Orodha ya kwanza kila mtu anayo kichwani: pango, chakula, umeme, nauli. Anajumlisha, anaona mshahara unapita kidogo, anatia saini. Orodha ya pili humkuta huko huko. Jino linauma. Miwani inavunjika. Mkataba wa nyumba unakwisha na mwenye nyumba anataka nyongeza. Mzazi anaugua na tiketi ya kwenda kumwona inauzwa kwa bei ya siku hiyo hiyo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho anasa, wala kisichotarajiwa. Tusichojua ni mwezi gani kitakuja. Mshahara usioweza kukibeba haukutoshi, hata kama leo unalipa pango kwa wakati.

Tuje kwenye pango lenyewe, maana katika mji ghali hilo ndilo linaloamua mengine yote. Bila shaka mmesikia kwamba pango lisizidi asilimia 30 ya kipato. Kanuni hii hutajwa kana kwamba iligunduliwa maabara. Asili yake ni siasa za nyumba za umma za Marekani. Mwaka 1969 seneta Edward Brooke alipitisha marekebisho yaliyoweka kikomo kwamba mpangaji wa nyumba hizo asitozwe zaidi ya robo ya kipato chake. Mwaka 1981 kikomo kikapandishwa hadi asilimia 30. Si kwamba kati ya 1969 na 1981 familia zilianza kula kidogo. Serikali ilikuwa inabana matumizi. Namba hiyo ikatoka kwenye nyumba za umma, ikaenea kila mahali, na leo inahubiriwa kama kanuni ya busara.

Tatizo lake la kwanza tulishalijua tangu karne ya 19. Mwaka 1868 Hermann Schwabe, aliyeongoza ofisi ya takwimu ya Berlin, alionyesha kwamba kadiri kipato kinavyopungua ndivyo sehemu inayomezwa na pango inavyoongezeka. Asilimia 30 ya mshahara mkubwa inamwachia mtu asilimia 70 iliyo kubwa pia. Asilimia 30 ya mshahara mdogo inamwachia mtu mabaki yasiyofika mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mimi siulizi pango ni asilimia ngapi. Nauliza kinachobaki baada ya pango ni kiasi gani, na kama kinanunua ile orodha nyingine yote.

Tatizo la pili ni la hesabu, na naomba walio na kalamu waandike. New York, wenye nyumba wengi hutaka mshahara wa mwaka wa mpangaji uwe angalau mara 40 ya pango la mwezi. Gawanya 12 kwa 40, unapata asilimia 30. London, mawakala wengi hutaka mara 30 ya pango la mwezi. Hiyo ni asilimia 40. Lakini tazameni: ni asilimia ya mshahara ghafi, kabla ya makato. Tuseme kodi na michango vinachukua robo ya mshahara wako. Asilimia 30 ya mshahara ghafi inakuwa asilimia 40 ya fedha inayoingia mkononi. Asilimia 40 inakuwa zaidi ya 53. Mwenye nyumba amekukubali, wakala amekupongeza, nawe zaidi ya nusu ya jasho lako imekwenda kabla hujawasha taa. Kipimo chao kinawahakikishia wao kwamba utalipa pango. Kama utakula, hilo hawakuulizwa.

Basi njia ya hesabu ni ipi? Anzeni chini mpande juu. Kwanza tafuta pango halisi la mahali ambapo ungekaa kweli, siyo la mtaa wa kwenye picha, na uweke nauli ya kutoka hapo hadi kazini katika mstari huohuo. Nasema mstari huohuo kwa makusudi. Nyumba ya mbali huonekana rahisi hadi uongeze nauli na saa, na saa mbili za njiani kila siku ya kazi ni zaidi ya saa 40 kwa mwezi, wiki nzima ya kazi isiyolipwa. Kisha weka chakula na huduma za nyumba. Kisha orodha ya pili ya Higgins, yote, kila kitu kikiwa kimegawanywa kwa miezi 12. Kisha akiba, hata ndogo.

Tuseme jumla imekuja 260 kwa mwezi, katika sarafu yoyote mnayoitaka. Hiyo ni fedha ya mkononi. Ikiwa makato ni asilimia 25, wengi huchukua 260, huongeza robo yake, hupata 325 na kusema huo ndio mshahara wa kuomba. Sivyo. Kata robo ya 325, unabaki na takriban 244. Umepungukiwa 16 kila mwezi, na kwa mwaka ni 195, robo tatu ya mahitaji ya mwezi mzima. Hesabu sahihi ni kugawanya 260 kwa 0.75, na jibu ni karibu 347. Nimewaona watu waliosoma sana wakiteleza hapa, tena wakiwa mbele ya mwajiri, wakati ambapo kurudi nyuma ni vigumu.

Wenye familia wasikilize zaidi. Wachumi hutumia kipimo kinachosema mtu mzima wa kwanza ni 1, mtu mzima wa pili ni nusu, na mtoto aliye chini ya miaka 14 ni 0.3. Kwa kipimo hicho wazazi wawili na watoto wawili wanahitaji mara 2.1 ya mtu anayeishi peke yake. Ni kipimo kizuri kwa kulinganisha nchi, lakini katika mji ghali mimi sikiamini. Mtu asiye na familia anaweza kupanga chumba katika nyumba ya watu wanne. Mtoto huwezi kumpangisha chumba kwa wageni. Anahitaji chumba, na anahitaji mtu wa kumtunza wewe ukiwa kazini, na malipo ya malezi ya mtoto mdogo katika miji mingi ghali hukaribia pango lenyewe. Kuna kaya ambazo mshahara wa mzazi wa pili karibu wote unaishia hapo, na mzazi huyo, mara nyingi mama, anaambiwa aache kazi kwa sababu "hailipi". Anayeacha hupoteza pia uzoefu, nyongeza na michango ya uzeeni. Naomba wanaoshauri hivyo wahesabu miaka kumi, wasihesabu mwezi mmoja.

Kuna jambo lingine ambalo vikokotoo vya kulinganisha miji havilioni. Vinachukua mshahara wako wa sasa, vinauzidisha kwa tofauti ya bei, vinakupa jibu. Vinadhani fedha yako yote utaitumia katika mji huo. Anayehama kwa kawaida ana sehemu tatu: anachotumia alipo, anachotuma kwa wazazi au ndugu walio kwingine, na anachoweka. Ughali wa mji unakula sehemu ya kwanza tu. Sehemu ya pili na ya tatu huwa na nguvu ya bei za kule zinakokwenda. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi kwa kubanwa katika mji ghali na bado akajenga nyumba kwao, na mwingine mwenye mshahara huohuo, ambaye kila kitu chake kiko hapo mjini, akazama. Wote wawili hawawezi kupewa namba moja. Ila wa kwanza naye ajihadhari asiifanye ile sehemu ya kutuma kuwa deni lisilo na kikomo, maana mwili unaofanya kazi kule ndio unaolisha huku.

Mtaniuliza: kwa nini mishahara isipande tu? Inapanda. Lakini ardhi ya mji haiongezeki. Henry George, akiandika San Francisco mwaka 1879, alieleza kwamba maendeleo ya mji hugeuka kuwa bei ya ardhi, na anayevuna ni mwenye ardhi hata kama amelala. Kila mtaa unaopata kazi nzuri mpya unawaona wapangaji wakishindania vyumba vilevile, na nyongeza ya mshahara inapitia kwa mfanyakazi kwenda kwa mwenye nyumba. Mji wa Vienna uliliona hilo mapema. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia halmashauri yake ilitoza kodi ya ujenzi wa nyumba, kali zaidi kwa makazi ya kifahari, na ikajenga zaidi ya nyumba 60,000 kabla ya 1934. Hadi leo karibu nusu ya wakazi wake wanaishi katika nyumba za manispaa au zilizojengwa kwa ruzuku. Singapore ilianzisha bodi yake ya nyumba mwaka 1960, na takriban wanane kati ya wakazi kumi wanaishi katika nyumba ilizozijenga. Nayataja haya kwa sababu nimechoka kusikia kijana akilaumiwa kwa kununua kikombe cha kahawa huku nusu ya mshahara wake ikienda kwenye pango. Matumizi mabaya yapo. Lakini hakuna nidhamu ya kikombe itakayopunguza bei ya ardhi.

Hata mji tajiri kuliko miji hauwaokoi watu wake bila uamuzi. Mwaka 2020, wakati wa janga la Uviko, maelfu ya watu walipanga foleni Geneva kusubiri mifuko ya chakula. Wengi walikuwa wasafishaji wa nyumba, walezi wa watoto, watu wasio na mkataba. Septemba mwaka huohuo wapiga kura wa jimbo la Geneva walipitisha kima cha chini cha franka 23 kwa saa, kiwango cha juu mno duniani, na kwa kura hiyo wakasema hadharani: anayeusafisha mji lazima aweze kuishi ndani yake. London, tangu mwaka 2001, wananchi wa mashariki mwa mji waliungana kudai mshahara wa kuishi, kwa kuwa wazazi walikuwa na kazi mbili na hawakuwa na saa ya kukaa na watoto. Leo waajiri wanaojiunga kwa hiari hulipa kiwango kinachopigiwa hesabu upya kila mwaka, na London ina kiwango chake. Kilichotangazwa mwaka 2024 kilikuwa pauni 13.85 kwa saa, dhidi ya 12.60 sehemu nyingine za Uingereza. Kwa hiyo mwajiri akikwambia haiwezekani kupima gharama za mji mmoja na kulipa ipasavyo, mwambie kwa heshima kwamba inafanyika.

Nimalizie na meza yenyewe ya mazungumzo. Msitaje namba kabla hamjapiga hesabu ya kupanda juu. Ulizeni makato yote kwa majina yake, na ombeni mfano wa hati ya malipo ya mtu wa daraja lenu, jina likiwa limefichwa. Ulizeni mshahara wa kwanza utalipwa tarehe ngapi, kwa sababu katika miji mingi mtadaiwa amana na pango la mwezi wa kwanza kabla hamjapokea chochote, na wengi huanza maisha ya mji na mkopo kwa sababu hiyo tu. Ulizeni posho ni sehemu ya mshahara au inaweza kuondolewa kwa barua moja. Ulizeni mshahara hupitiwa lini na kwa kipimo gani; bei zikipanda kwa asilimia 8 na mshahara kwa 5, mmepunguziwa, hata kama barua imeandikwa "nyongeza". Mwajiri akisema namba haiwezi kusogea, ombeni gharama za kuhamia, au mkopo wa amana usio na riba, au siku mbili za kufanya kazi nyumbani ili muweze kupanga mbali, na chochote mtakachokubaliana kiandikwe ndani ya mkataba kabla ya saini.

Vijana walioko mbele wameshanyoosha mikono. Karibuni, tuanze na dada aliye mstari wa pili.